Matope ya Nani?

Kiswahili hakiniachi nifanye kazi yangu kwa amani. Ukisema "nimechora picha," mtu anakutazama akisubiri umalizie. Picha ya nini? Lazima iwe ya kitu: ya simba, ya mlima, ya marehemu. Mimi nimetumia nusu ya maisha yangu kuchora picha zisizo za kitu, na bado sijapata namna ya kulisema hilo hapa Iyunga bila mtu kunionea huruma.

Si kwamba nazitoa hewani. Natazama vitu vidogo. Oili ilivyosambaa kwenye dimbwi pale malori yanapoegesha. Kutu kwenye bati, mahali msumari ulipoingia. Nimezaliwa Mafinga, na utotoni nilikuwa nikitumwa maranda ya kuwashia moto naganda kwenye kiwanda cha mbao, natazama ubao wa msonobari ukitoka kwenye msumeno, michirizi ya meno ya chuma ikikatiza michirizi ya mti wenyewe. Nilichapwa sana kwa ajili ya michirizi hiyo. Siku hizi nachukua kitu kimoja cha namna hiyo, kisichozidi kiganja, nakipanua mpaka kijae ubao wa plaiwudi wa kimo changu, na nikimaliza hakuna anayejua kilitoka wapi. Jirani yangu muuza mkaa aliiona kutu yangu akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimeshaonyesha hospitali. Shemeji yangu aliiona oili akasema ni ramani ya Kongo, tena akanionyesha Lubumbashi ilipo.

Mume wangu ni dereva wa lori la mbao. Ananibebea plaiwudi kutoka Mafinga, ananishushia mlangoni, na haulizi kitu. Ndiyo sababu kubwa iliyonifanya nimkubali.

Yeye ni Mnyakyusa wa Tukuyu na mimi ni Mhehe. Siku ya kuolewa, shangazi yake, ambaye ni dada wa baba mkwe wangu, alinikalisha jikoni akanisomea sheria. Baba mkwe humtazami. Hukai naye chumba kimoja, huli naye, hupishani naye njiani; ukimwona anakuja unaingia hata migombani. Na jina lake hulitaji, hata kama kuna mti au siku inayofanana nalo. Najua Wanyakyusa wengi wa leo wanakaa sebuleni na wakwe zao wakitazama mpira. Ukoo nilikoolewa mimi haukupata taarifa.

Kwa miaka mingi haikunisumbua, maana mzee alikuwa Tukuyu kwenye chai yake na ndizi zake, na mimi Iyunga. Tulikuwa tunaheshimiana vizuri sana kwa umbali huo. Kisha sukari ikampata, na sukari ikamletea kidonda chini ya unyayo wa kushoto. Kijijini alikipaka kila alichoambiwa na kila mpita njia. Mume wangu alipomfikisha hospitali hapa mjini, daktari alisema maneno machache tu: kisafishwe kliniki mara kwa mara bila kukosa, asikanyage ovyo, na akirudi kijijini kabla hakijafunga, tujiandae kumpokea tena akiwa na mguu mmoja. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema inakuwaje mkuu mwenyewe asiposikia la daktari.

Basi akaja kukaa kwetu. Akapewa chumba cha uani, ambacho kilikuwa chumba changu cha kuchorea, na mimi na rangi zangu tukahamia sebuleni. Watoto wako bweni. Mume wangu alikaa nasi siku chache, kisha safari ikamwita, akaniacha na mtu nisiyeruhusiwa kumtazama wala kusema naye, nikiwa na jukumu la kumlisha.

Asubuhi ya kwanza nilikuwa jikoni nikasikia sauti nzito uani.

"Wewe jogoo, hivi humo ndani hamna maji ya moto mtu anawe uso?"

Nilifikiri homa imempanda kichwani. Nikachungulia chini ya pazia. Nikaona magoti ya mzee, fimbo yake, na mbele yake jogoo wetu ameinua kichwa, anasikiliza. Hapo nikaelewa.

"Jogoo," nikajibu, "mwambie aliyekutuma maji yapo. Nayaweka mlangoni, halafu naondoka."

"Ndaga fijo," akasema mzee. Sijui alimshukuru nani kati yetu.

Tuliishi hivyo. Jogoo yule alipitishiwa habari za kliniki, za mvua, za bei ya mbolea, na lawama moja kubwa kuhusu chumvi kwenye maharage. Alilalamikiwa yeye na nikamjibu yeye. Pasaka ilipofika nikaona wazi kwamba hawezi kuchinjwa, maana shughuli zote za nyumba zingesimama. Muuza mkaa alimpigia simu mume wangu akamwomba arudi haraka, akisema nyumba yake nzima inaongea na kuku.

Sasa, mtu usiyeruhusiwa kumtazama usoni unamjua kwa chini. Mguu wa kulia mzee alivaa gambuti. Ule wa kushoto, wenye bandeji, aliutia kwenye yeboyebo ya plastiki aliyoikata kwa kisu ubavuni ili uingie. Na fimbo. Mvua ikishanyesha uani kwetu panakuwa matope meusi, laini, na akitoka chumbani kwake kwenda getini kupanda bajaji ya kliniki, anaacha njia nyuma yake. Gambuti linaacha meno, safi, yanahesabika. Yeboyebo haikanyagi, inaburuta, inaacha mstari mpana wenye mkia. Na pembeni vitundu vya fimbo, kila kimoja kimelalia upande.

Siku moja nilitoka na beseni la nguo nikasimama pale mpaka mikono ikachoka. Sikumwona mzee kwenye matope yale, naapa. Niliona meno, mkwaruzo, kitundu; meno, mkwaruzo, kitundu, na maji yameanza kujaa kwenye meno na kuakisi mbingu. Nikatupa beseni nikaingia ndani kuchanganya rangi. Ile lawama ya chumvi ilitokea majuma hayo.

Ikatoka picha ambayo sijawahi kutoa nyingine kama hiyo. Kahawia, kijivu, weusi wenye kijani kwa mbali. Mguu haukuwemo, mtu hakuwemo. Mwishoni hata mimi nilikuwa nimesahau ni matope ya wapi. Nikaiegemeza ukutani sebuleni ikauke, nikawa naipita nikienda kuosha vyombo na kurudi kuipita tena.

Na ilikuwa na pa kwenda. Mama mmoja wa Iringa mjini, Mwislamu mwenye hoteli, ambaye mababu zake walitoka pwani kufanya biashara, alikuwa ameniagiza picha ya kutundika kwenye ukumbi wake wa chakula. Alinipigia simu akiwa amechoka.

"Dada, kila mchoraji ananiletea tembo. Mimi sitaki tembo, sitaki Mmasai, sitaki kiumbe chochote kinachonitazama wakati watu wanakula. Nimesikia wewe huchori kitu."

Sijawahi kusifiwa vizuri namna ile. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kwenye picha zangu hakuna kiumbe.

Kabla haijakauka, shangazi akafika kutoka Tukuyu kumwona kaka yake, na mkungu wa ndizi wa kutosha shule nzima. Nikampokea, nikamkalisha sebuleni, nikampa chai. Akaishika bilauri kwa mikono miwili, akashusha pumzi, akainua macho ukutani. Nami nikajiandaa kwa lile swali langu la siku zote.

Chai yote ikaenda sakafuni.

"Yesu wangu! Umemchora mkwe wako!"

Nitasema lililo kweli: kitu cha kwanza nilichokihisi ni furaha. Miaka yote ile ya ramani za Kongo na magonjwa ya ngozi, na leo mtu ameitazama picha yangu akajua, papo hapo, bila kuuliza. Nilitaka kumkumbatia. Kisha nikauona uso wake.

"Shangazi, hapo hakuna mtu," nikasema. "Hayo ni matope tu."

"Matope ya nani?"

Lugha ilikuwa imenishika tena.

"Ya uani."

"Uani kapita nani? Si kaka yangu huyu? Gambuti lake hili. Hapa anaburuta. Hapa kaegemea fimbo, maana huyu toka mtoto akichoka analalia kulia. Umemwangalia wewe, umemwangalia mpaka umemmaliza!"

"Sijamwangalia! Nimeangalia chini, kama ulivyoniambia mwenyewe!"

"Nilikuambia uangalie chini. Nilikuambia uchore huko chini?"

Mimi sina tabia ya kunyamaza. Nilimwambia pilipili asiyoila inamwashia nini. Nilimwambia aliyeleta sheria hizo hakuwahi kukaa nyumba ya vyumba vitatu na choo kimoja. Nilisema mengi, kwa sauti ambayo nikiianza hata malori ya barabara kuu hayasikiki, na shangazi naye alinijibu kwa kipimo hichohicho, nusu Kiswahili, nusu Kinyakyusa. Tulipopumzika wote wawili kwa pamoja ili kuvuta pumzi, tukasikia kikohozi nje ya dirisha.

"Wewe jogoo," mzee akasema, polepole. "Waambie hao kesho asubuhi mimi naondoka. Sikuja huku kuchorwa ninavyochechemea."

Hasira ikanitoka yote mara moja. Niliona kidonda, niliona Tukuyu na utelezi wa milima yake, niliona kliniki ambayo hataifuata tena. Picha naipenda, lakini plaiwudi ni plaiwudi na mguu ni mguu.

Nikampigia simu mume wangu. Alikuwa Igawa, lori limemharibikia, anasubiri kipuri.

"Ifute," akasema. "Ifute kwanza, mengine tutaongea."

Kwake ilikuwa rahisi. Alikuwa kando ya barabara anakula mahindi ya kuchoma. Hata hivyo nilichukua kopo la rangi nyeupe tuliyopakia ukuta wa choo, nikachovya brashi. Shangazi akanidaka mkono.

"Unamfukia kaka yangu akiwa mzima?"

Nikaweka brashi chini. Nikaigeuza picha itazame ukuta.

"Unampa mgongo?"

Nikairudisha. Nikasema basi, naisafirisha Iringa leo hii, mwenye hoteli niliyemwahidi picha isiyo na kiumbe anaisubiri.

"Umuuze? Watu wale wali mbele ya miguu yake? Na huyo mama si ulimwambia hamna mtu humo?"

Kuichoma sikutaja; mimi mwenyewe niliona aibu hata kuliwaza. Maji yakimwagika hayazoleki, na matope ndiyo kabisa. Tulikaa tukitazamana, mimi na shangazi, na kile kitu ukutani ambacho hakiwezi kubaki, hakiwezi kuondoka, hakiwezi kufutwa. Mwishowe tukamenya ndizi zake pamoja, kwa kuwa mzee alipaswa kula hata kama amekasirika.

Asubuhi alikuwa amekaa uani kwenye kigoda, begi lake mbele ya magoti, anasubiri bajaji ya kumpeleka stendi. Mvua ilikuwa imenyesha. Shangazi alikuwa amembembeleza toka alfajiri, akapata jibu lilelile: ataenda zake kwake, ambako akichechemea anaonwa na migomba tu. Mimi nilikuwa jikoni, nimeegemea mlango. Kisha nikasikia:

"Jogoo. Hicho kitu wanachogombania, nataka nikione."

Ikabidi kwanza mimi nitoke. Nilipita mlango wa nyuma, nikazunguka nyumba, nikachuchumaa chini ya dirisha la sebule, katikati ya mboga zangu za figiri. Mzee akakohoa kikohozi cha taarifa, akaingia kwa mlango wa mbele na dada yake. Niliwahi kusubiri maneno ya walimu wa chuo na ya wanunuzi kutoka Dar es Salaam, lakini sijawahi kuogopa namna ile.

"Hii si mimi," mzee akasema.

"Ni wewe," dada yake akasema.

"Mimi siburuti hivi."

"Unaburuta."

"Mtoto huyu amenionea. Mimi nakanyaga vizuri. Hata daktari nimemwambia nakanyaga vizuri."

Nikaziambia figiri, kwa sauti ya kusikika kidogo, kwamba sijamwonea mtu. Huko ndani fimbo ikapiga sakafu.

"Njoo nje," mzee akamwambia dada yake. "Njoo uone mtu anavyotembea."

Akatoka. Nilibaki nimeinama pale chini, sikuona kitu, nilisikia tu. Alianza mlangoni kuelekea getini, akijitahidi, kifua najua kakitoa mbele. Gambuti, mburuto, fimbo. Gambuti, mburuto, fimbo. Nilitamani kwa nguvu zangu zote ule mburuto usisikike, niwe nimekosea, niwe mchoraji mbaya kuliko wote wa nyanda hizi. Ulisikika kila hatua. Alipofika getini akasimama, na nadhani ndipo alipogeuka akatazama njia aliyoiacha kwenye matope.

"Kumbe," akasema.

Dada yake alikuwa na mambo mengi ya kusema siku hiyo na hakusema hata moja. Nampenda kwa hilo mpaka leo.

"Kumbe ndivyo ninavyotembea."

Bajaji ikafika ikipiga honi. Dereva akauliza kwa furaha zake, "Stendi, mzee?"

"Kliniki," mzee akasema. "Na leo huyo daktari namwambia ukweli."

Nilijifunika uso kwa khanga nikalia palepale kwenye figiri, kwa furaha, na kwa uchungu wa miguu iliyokufa ganzi. Shangazi alikuja kuninyanyua. Aliniambia nimekaa kama bata, na kwamba maharage yanaungua.

Mzee aliporudi alitoa hukumu, na jogoo akaileta. Picha haifutwi, haiuzwi, haigeuzwi. Miguu ni ya kwake, kwa hiyo picha ni ya kwake. Shangazi na dereva wa bajaji wakaibeba wakaiingiza chumbani kwa mzee, chumba nisichoruhusiwa kukanyaga. Hivyo ndivyo kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya ilivyohamia hatua chache kutoka jikoni kwangu, na sitaiona tena. Mama wa Iringa nilimpelekea nyingine, niliyoitoa kwenye doa la chai pale sakafuni. Ameitundika ukumbini na anasema inampa utulivu. Sijamwambia ni chai ya nani.

Kidonda kilitumia mvua zote na sehemu ya kipupwe kufunga, na kikafunga. Daktari alimruhusu kurudi Tukuyu akitaka. Siku zikapita, begi halikufungwa, na mimi sikumtuma jogoo kuuliza. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe, na huyu jembe alikuwa ameshalichukua mwenyewe, analima figiri zangu wakati nikiwa sokoni.

Kisha mume wangu alirudi safari, akaingia chumbani kwa baba yake kubadilisha taa, akatoka anacheka.

"Mama, ile picha yako mzee ameitundika kichwa chini miguu juu."

Damu ikanichemka. Mtu unampa kazi ya maisha yako, anaigeuza kama kalenda! Nikamrudisha mume wangu mlangoni saa ileile akamwambie mzee, kwa heshima zote, kwamba picha ina juu na ina chini, na mchoraji anaomba irekebishwe. Nikasimama jikoni, mikono kiunoni, nikisubiri.

Alirudi taratibu, hacheki tena.

"Anasema anajua. Anasema ulivyoichora wewe, mzee anatoka kwenda getini. Sasa ameigeuza, anaingia ndani."

Nilifunua sufuria ya chai nikaongeza maji.